Futi Saba na Inchi Nne

Saa sita mchana, siku ya Jumanne, Inspekta alimpa Sajini Matano saa nne, wala si dakika zaidi.

"Saa kumi Landrova inaondoka kwenda Iringa," alisema yule Mzungu huku akivaa kofia yake aende kula. "Fundi wa tairi atakuwa ndani, na hati ya mashtaka itakuwa mfukoni mwangu. Kuua kwa uzembe. Ukipata la kunizuia, nizuie. Usipopata, utamsindikiza wewe mwenyewe."

Matano alipiga saluti. Alikuwa ameletwa kutoka Iringa siku iliyotangulia, na tangu aingie Mafinga baridi ilikuwa imemkaa mpaka kwenye meno. Wazee wake walikuja bara na misafara ya zamani kutoka pwani, na ingawa yeye alizaliwa Iringa mjini nyuma ya cherehani ya baba yake, mwili wake ulikuwa haujazoea nchi ya misonobari. Kwa baba yake alirithi vitu viwili: subira ya kunyamaza mtu mwingine akisema, na futi ya kitambaa iliyokaa daima kwenye mfuko wa shati lake. Askari wenzake walimwita Fundi Suruali. Waache wacheke. Yeye alijua kwamba mtu ukishampima, kukudanganya kunakuwa kazi kubwa.

Kesi yenyewe, ukiisikiliza vibarazani, ilikuwa imekwisha zamani. Selemani Alawi, tajiri wa malori kutoka Ilomba kule Mbeya, aliingiza gari lake dogo katika mashindano ya klabu ya walowezi, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa tangu wakati wa vita, maili mbili nje ya Mafinga. Mwaka huo wa hamsini na sita ndio kwanza klabu ilikubali watu wawili wasio Wazungu, naye alikuwa mmoja wao. Mizunguko ilikuwa kumi na miwili kuzunguka mapipa, kila kona ikikata kushoto. Jumapili hiyo, kwenye mzunguko wa tisa, katikati ya kona, gurudumu la nyuma la kulia liliishiwa upepo ghafla. Gari lilibiringika mara tatu, na Selemani akafa kabla vumbi halijatua. Wakamzika kwao Jumatatu.

Sasa, siku moja kabla ya mashindano, Selemani aligombana mbele ya watu na Liberatus, fundi wa tairi wa Mafinga, juu ya ukubwa wa matairi. Na gurudumu lililopasuka lilikutwa na tairi lisilolingana na wenzake. Nani alifunga matairi yale? Liberatus. Basi.

Hilo "basi" ndilo Matano asilolipenda.

Alimkuta Liberatus mahabusu, amekaa sakafuni, mikono mipana juu ya magoti. Alikuwa mtu wa makamo, Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, na kucha zake zilikuwa na weusi wa mpira usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Jumamosi ulimwambia nini marehemu?"

"Nilimwambia akitaka kufa asife na tairi langu."

"Unajua maneno hayo yatakupeleka wapi?"

"Najua, Bwana Sajini. Lakini ndiyo niliyosema. Walisikia watu arobaini, nikikana nitakuwa na makosa mawili."

Matano alivuta kigoda akaketi. "Ugomvi ulianzaje?"

"Alitaka tairi pana. Kila anayekuja mashindano mara ya kwanza anataka tairi pana, anadhani gari ni mtu, ukimvika kiatu kikubwa hatelezi. Nikamwonyesha ringi zake. Inchi tatu na nusu, nyembamba. Tairi pana juu ya ringi nyembamba ni mtu mnene juu ya kigoda. Akikaa wima, salama. Akiinama upande, chini. Na pale kona zote ni kuinama upande." Liberatus aliinamisha kiganja chake kushoto. "Nikamfungia manne ya inchi tano na nusu, yote sawa. Akazunguka mara mbili. Gari likawa linatoka nje kidogo ya kona, nikaongeza upepo wa mbele, likatulia. Alirudi anacheka. Akanishika mkono, akasema, 'Liberatus, baada yako sitaki mtu aguse gari hili mpaka kesho.'"

"Watu arobaini walisikia ugomvi. Mapatano yalisikiwa na nani?"

"Watu walishakimbia mvua. Alikuwepo dereva wake tu, yule mzee wa Tukuyu. Isakwisa."

Matano alikuwa ameyasoma maelezo ya Isakwisa mara tatu, na mapatano hayo hayakuwemo. Yalikuwemo maneno haya, chini ya kiapo: magurudumu yaliyofungwa na Liberatus Jumamosi hayakuguswa na mtu hadi ajali.

"Tairi la nyuma la kulia, lile ulilofunga wewe, nitalijuaje?"

"Lina kovu. Jiwe lilikuwa limemega mpira, kama ukucha wa kidole gumba. Nilimwonyesha mwenyewe. Halikufika kwenye nyuzi."

"Na utathibitishaje kwamba lilikuwa la tano na nusu?"

"Kamba yangu," alisema Liberatus, kana kwamba dunia nzima inaijua. "Mimi maandishi ya ubavuni yananisumbua, tena hufutika. Kila gari ninalolihudumia lina kamba yake. Natia chaki kwenye tairi, nasukuma gari mzunguko mmoja, chaki inagusa ardhi mara mbili. Napima chaki mpaka chaki, nafunga fundo. Muulize mke wangu. Ya marehemu iko msumari wa tatu."

Matano alimtuma Konstebo Philbert, dereva wa Landrova, amfuate mke wa fundi. Yeye akaenda uani kwenye mabaki ya gari.

Gari lilikuwa limebonyea paa, na kiti cha dereva kilikuwa na jambo ambalo Matano hakulitazama mara mbili. Alitoa futi yake ya kitambaa, akazungusha kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Futi saba. Akazungusha la kulia, ambalo tairi lake lilikuwa bado limening'inia kwenye ringi. Futi saba na inchi nne. Akapima tena, maana inchi nne kwa fundi wa suruali ni aibu, na kwa fundi wa tairi ni jela. Zilikuwa nne. Akapapasa mpira kotekote kutafuta kovu. Halikuwapo.

Kisha akaingiza mkono ndani. Tyubu haikutoboka popote. Ilikuwa imeng'oka vali kwenye shina, kama kitovu kilichokatwa vibaya. Maana yake tairi liliteleza juu ya ringi, likavuta tyubu, vali ikabaki kwenye tundu lake na upepo wote ukatoka mara moja. Na chini ya tyubu, kwenye kutu ya ringi, vidole vyake vilikutana na kitu kikavu. Akakibandua polepole. Kilikuwa kipande cha kahawia, chepesi, chenye mistari ya nyuzi, kirefu kama kidole cha shahada.

Inspekta aliona ncha yake tu, na kwenye karatasi ya ukaguzi akaandika neno moja: nyasi. Lakini nyasi za kiwanjani zilikuwa nje ya gari, zimeganda damu na vumbi. Hii ilikuwa ndani, chini ya mpira, imelala mahali pake. Matano aliifunga kwenye leso, akarudi kwenye dirisha la mahabusu.

"Kati ya tyubu na ringi huwa unaweka nini?"

"Ukanda wa tyubu kuukuu. Ringi yenye kutu hula mpira."

"Na hiki?"

Liberatus alikigeuza kwenye mwanga, akakirudisha. "Hiki sikijui. Si changu."

Aliyekijua ni Rozalia, mke wake. Alifika na kamba imezungushwa begani, ametembea mbele ya Philbert badala ya nyuma yake.

"Kamwene, baba," alimsalimia Matano, na hapohapo, bila kupoteza muda, akatazama lesoni. "Hilo ganda la mgomba. Ndizi za Tukuyu zinakuja sokoni zimefungwa hivyo."

"Hapa Mafinga hamna mgomba?"

"Hapa? Baridi inaua mgomba haujafika magotini. Baba, mume wangu analala chini bila blanketi. Hiyo kamba unaitaka au huitaki?"

"Naitaka," alisema Matano. "Na wewe nakutaka, uje unionyeshe alipofanyia kazi."

Saa saba na nusu walikuwa kiwanjani. Mvua ya Jumamosi ilikuwa imegeuza udongo kuwa uji, na jua la siku tatu likauchoma ukawa tofali. Sehemu nyingine zote Jumapili ilizifuta. Lakini pale chini ya misonobari, alipotandika Liberatus turubai lake, wenye klabu walizungushia kamba asubuhi ya mashindano kwa sababu ya tope, na hakuna gari lililoingia tena. Rozalia alipaonyesha kwa kidole cha mguu.

Matano alipiga magoti. Njia mbili za magurudumu zilitoka kwenye turubai kwenda barabarani. Akaifuata ya kulia, uso karibu na ardhi, watu wangedhani anasali. Pua yake ilipita juu ya alama ndogo, kinundu cha udongo kama ukucha wa kidole gumba, pale ambapo mpira uliomegeka haukukanyaga. Akaendelea kutambaa. Kinundu cha pili. Cha tatu.

"Mama Rozalia, leta."

Mwanamke akaweka mwanzo wa kamba kwenye kinundu cha kwanza. Matano akaivuta. Fundo likaangukia juu ya kinundu cha pili sawasawa. Wakarudia kati ya cha pili na cha tatu. Fundo halikuzidi wala kupungua. Akatoa futi yake akapima kamba: futi saba.

Kwa hiyo Jumamosi jioni, gari la Selemani lilipoondoka kwa Liberatus, gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa na kovu na lilikuwa la futi saba. Jumapili adhuhuri, gari hilohilo lilimuua mwenyewe kwa gurudumu lisilo na kovu, la futi saba na inchi nne. Kati ya saa hizo mtu alitia jeki.

"Basi mumtoe," alisema Rozalia.

"Inspekta atasema mumeo alilibadilisha mwenyewe asubuhi. Nimpate aliyelibadilisha."

Philbert alikuwa na jibu tayari. Mji mzima ulikuwa nalo. Asubuhi ya mashindano Bartholomeo, mwenye malori ya mbao na mtu wa pili asiye Mzungu katika mashindano, alionekana amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la Selemani. Na Bartholomeo mwenyewe hakuwa mbali. Lori lake lilikuwa upande wa pili wa kiwanja, likipakia mbao za jukwaa la watazamaji.

Alikuwa jitu la kifua kipana na sauti ya kinu cha mbao. Alipomwona sajini anakuja, alishuka kabla ya kuitwa.

"Jumapili asubuhi ulichungulia gurudumu la Selemani," alisema Matano.

"Nilichungulia."

"Uliligusa?"

"Sikuligusa."

"Ulitafuta nini?"

"Gari lilisimama kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Nyuma kulia kumeinuka. Nikadhani wamesahau jeki chini. Kuinama, naona tairi la inchi sita kwenye ringi nyembamba, na lile jingine la tano na nusu. Nikacheka peke yangu."

"Ulicheka."

"Nilijua amenipa ushindi."

"Hukumwambia."

Bartholomeo alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Ilikuwa mashindano, Sajini. Ningemwambia angekuwa Ilomba leo, anakula na watoto wake. Silali. Usiniongeze."

Matano hakumwongeza. "Ulimwona nani akitia jeki?"

"Hapa hakuna. Mimi ndiye niliyetangulia kufika, nilikuwa langoni. Gari lilishuka kutoka barabarani likiwa hivyohivyo, limeinua bega. Isakwisa anaendesha, tajiri wake pembeni anasoma karatasi ya klabu."

"Wangetoka wapi saa hizo?"

"Walilala Nyololo. Wageni wote wa Mbeya hulala Nyololo."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia Nyololo. Lakini kwenda huko na kurudi kwa barabara ile kungekula saa zote zilizobaki. Saa ya Matano ilionyesha saa nane na robo. Alichokuwa nacho ni kamba, kovu na ganda la mgomba, na ganda la mgomba ndilo pekee lingeweza kumtaja mtu kwa jina. Njiani kurudi, karibu na kituo, alimgeukia dereva.

"Philbert, unaweza kufunga tairi?"

"Naweza, Afande. Ila si haraka."

"Vizuri sana. Usifanye haraka. Tafuta msumari."

Isakwisa alikuwa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, akingoja lifti ya kurudi Mbeya baada ya ushahidi wake. Alikuwa mzee mwembamba, koti limefungwa mpaka shingoni, sanduku la spana kati ya miguu. Matano alimpa sigara, akaketi kando yake.

"Pole na msiba, mzee."

"Ndaga, asante. Miaka kumi na moja nimekaa naye. Alinikuta naendesha lori moja bovu, tukafika malori sita."

"Nyololo mlilala wapi?"

"Kwa Mwanakhamisi, mwenye hoteli."

"Gari?"

"Uani kwake."

"Asubuhi nani aliligusa?"

"Mimi. Nililifuta vumbi."

"Spea ya gari ilikuwa wapi?"

"Tuliiacha Mbeya. Tulipunguza uzito." Jibu lilikuja upesi, halikupita njia ya kufikiri.

Matano alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Mbele yao Landrova ilikuwa imeinamia upande mmoja. Philbert alikuwa ameshaivua gurudumu la mbele, ameling'oa tairi nusu, na anahangaika na nusu iliyobaki kwa chuma, akilaani msumari, barabara na aliyevumbua magurudumu.

"Tutachelewa," alisema Matano, si kwa Isakwisa hasa. "Na fundi pekee wa mji tumemfungia ndani. Wanasema huku kote hakuna mwingine anayejua tairi ila Liberatus."

Isakwisa alivuta sigara. Philbert akateleza, chuma kikamponyoka kikagonga ringi.

"Hata marehemu nasikia alimsifu," Matano aliendelea taratibu. "Alisema baada ya Liberatus asiguse mtu."

Sigara ilikaa hewani kidogo. Chuma kikaponyoka tena. Mzee alisimama, akalivua koti lake, akalikunja, akaliweka benchini.

"Toka hapo," alimwambia Philbert. "Unaiumiza ringi."

Ilikuwa raha kumtazama. Hilo Matano alilikiri baadaye mbele ya hakimu alipoulizwa. Mzee alikanyaga tairi kwa kisigino, akaingiza chuma mara mbili, na mpira ukatoka kama shati. Akaitoa tyubu, akapata tundu kwa ulimi wake, akaipiga kiraka. Akapitisha kidole kwenye kutu ya ringi, akaguna. Kisha, bila kumtazama mtu, akafungua sanduku lake na kutoa furushi lililofungwa kwa uzi. Alilichovya kwenye ndoo ya maji, akalikunjua, akaanza kulitandika kuizunguka ringi, kipande juu ya kipande, kwa mkono mwepesi kama wa mama anayemfunga mtoto nepi.

"Hicho ni nini, mzee?"

"Ganda la mgomba. Sisi kwetu ndiyo tunaweka kwenye malori. Kutu haipati tyubu." Uso wake ulikuwa umechangamka. "Hao wa huku hawalijui. Miaka kumi na moja tajiri wangu hajalala njiani kwa pancha. Hata siku moja."

Matano aliinuka kutoka benchini. Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya boneti ya Landrova, akalilaza ganda kavu kando ya lile bichi la maji. Mistari ilikuwa ileile.

"Hili lilikuwa chini ya tyubu," alisema. "Kulia, nyuma."

Isakwisa alitazama. Mikono yake iliendelea na kazi kwa muda, ikatandika kipande kimoja zaidi, kisha ikasimama.

"Huo msumari," alisema.

"Aliupigilia Philbert."

"Ndiyo. Ulikuwa umenyooka mno."

Kwenye dirisha la mahabusu vidole vya Liberatus vilikuwa vimeshika nondo.

"Magurudumu ya gari hilo," alisema Matano, "uliapa kwamba hayakuguswa. Spea ukaniambia iko Mbeya. Sasa nitakuuliza mara moja. Nikienda kwa Mwanakhamisi Nyololo, nitakuta gurudumu lenye kovu?"

"Liko chini ya magunia yake ya mkaa," alisema Isakwisa. "Yeye hajui."

"Selemani alijua?"

"Alikuwa anakunywa chai." Mzee aliketi chini, mgongo kwenye bampa. "Hakujua kitu. Nilimwambia tangu Mbeya. Nikachukua bilauri, nikaibiringisha mezani mbele yake. Bilauri haiendi moja kwa moja, Sajini, inazunguka, maana mdomo mpana kuliko kitako. Nikamwambia, kona zenu zote ni kushoto, weka tairi kubwa kulia, gari litazunguka lenyewe. Akanijibu tutamuuliza fundi. Fundi!" Alitema mate pembeni. "Miaka yote fundi nilikuwa mimi. Anaenda kumshika mkono mtu aliyemjua kwa mchana mmoja."

"Ukabadilisha."

"Spea niliifunga mwenyewe Mbeya, tairi la inchi sita, na ganda kama kawaida yangu. Nilitaka ashinde kwanza. Akishinda ndipo nimwambie."

"Na Liberatus?"

"Jumapili nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa mazishi, nikamwona mjane, nikasema nitasema kesho. Leo asubuhi Inspekta akanikalisha mbele ya kalamu, akaniuliza, jibu likatoka lenyewe. Likishatoka, huna pa kulirudishia."

Matano aliyaandika yote, akamsomea, mzee akaweka dole gumba. Inspekta aliporudi ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Aliisoma karatasi amesimama, akaomba kamba, akaomba leso, akaomba futi. Alipima tairi la kulia kwa mikono yake, na Matano akamwacha, kwa sababu kuna watu ambao hawaamini inchi za mtu mwingine. Kisha Inspekta akatoa hati ya mashtaka mfukoni, akaichana mara mbili.

"Mfungulieni," alisema. "Pingu mpeni huyu. Tuondoke."

Liberatus alitoka anapepesa macho kwa mwanga. Rozalia alimfunga khanga yake mabegani, akalia waziwazi mbele ya askari wote. Philbert alikuwa ameshalirudisha tairi juu ya ringi, amejaza upepo, amebakiza kukaza nati. Ganda la mgomba lilichungulia kidogo ukingoni. Liberatus aliliona.

"Tairi hili limefungwa na nani?"

"Twende," alisema Inspekta. "Tumechelewa."

"Bwana, kwa lori la mizigo halina neno, linakwenda polepole na ringi zake pana. Hili mtakimbia nalo. Ganda likilowa linakuwa utelezi. Tairi litazunguka peke yake, ling'oe vali." Aliinama akachukua spana. "Sitaacha gari liondoke kwangu hivi."

"Si kwako hapa," alisema Inspekta. Lakini aliitazama saa yake, akalitazama gari lililobonyea uani, akasogea pembeni.

Liberatus alilivua gurudumu lote. Alilitoa ganda kipande kimoja kimoja, akalirundika kando. Akaomba kisu, akakata ukanda kutoka tyubu kuukuu, akautandika. Ringi ilikuwa inayumba, inataka mtu wa kuishika. Isakwisa, mikono yake ndani ya pingu, alipiga magoti upande wa pili akaishika. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemkataza. Walifanya kazi vichwa vimekaribiana, yule aliyefungwa siku mbili bila kosa na yule aliyemfungisha, mpaka tairi likakaa.

"Fundi," alisema Isakwisa kwa sauti ya chini. "Lile wazo langu la bilauri. Lilikuwa la kijinga?"

Liberatus alikaza nati ya kwanza, akakaza inayoitazama, kama ipasavyo, akamaliza zote kabla ya kujibu.

"Hapana," alisema. "Lilikuwa zuri. Hata mimi sikuwa nimelifikiria. Ungeniuliza ringi tu. Ninazo pana mbili, zimening'inia dukani."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alilaza paji la uso wake juu ya gurudumu, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Matano alimwacha alie, akangoja, kisha akamshika mkono akampandisha nyuma ya Landrova.

Walifika Iringa salama.